Kisa au somo: kikundi chenu kichague kipi?

Sanduku likishafungwa na funguo tatu zikarudi kwa wenye kuzishika, kikundi cha hisa, yaani watu wanaoweka akiba pamoja kwa kununua hisa, hubakiwa na muda. Kuna vikundi ambavyo watu huinuka hapo hapo, kila mtu na njia yake. Kuna vingine ambavyo watu hubaki mkekani, na hapo huzuka suali: muda huu tuutumie vipi? Mmoja wetu atusimulie yaliyomfika, au mmoja wetu atufundishe jambo analolijua?

Suali hilo haliwahusu watu wa hisa peke yao. Liko kwa wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Tumbe hapa Zanzibar, liko kwa wenye kisukari wanaokutana kupeana moyo, liko kwa vijana wa nyumba za upataji nafuu, wanaoacha dawa za kulevya, na kwa kina mama wenye watoto wachanga. Kwa wote hao kikao ni chao wenyewe. Hakuna mwalimu aliyeajiriwa, hakuna bwana mradi, na anayeongoza wiki hii wiki ijayo anakaa na wenziwe kusikiliza. Ndiyo maana uchaguzi huu una uzito kwao kuliko ulivyo kwa darasa la skuli. Kikao kikichosha watu hawaji, na hakuna wa kuwalazimisha.

Naviweka vitu viwili hivi sambamba. Kisa ni pale mwanachama anapoeleza jambo lililompata yeye, tangu lilipoanza mpaka lilipomfikisha, na wenziwe wakasikiliza. Somo ni pale mwanachama anapojiandaa, akaja na jambo moja tu, akalionesha na kulirudia mpaka wenziwe waweze kulifanya. Daktari au bwana shamba akialikwa kuzungumza, hilo ni jambo jingine na lina nafasi yake, lakini silo ninalolisemea hapa.

Mtu akitoka hapa, anakwenda kufanya nini?

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Jiulizeni mwanachama anatakiwa afanye nini akifika nyumbani, kisha jiulizeni kinachomzuia asikifanye ni nini. Kama hajui, mpeni somo. Kama anajua lakini anaona haya, anaogopa, au anadhani ni yeye peke yake mwenye shida ile, somo halitamsaidia kitu. Huyo anahitaji kumsikia mtu aliyekwishapita hapo.

Chukueni mtoto anayeharisha. Kama hakuna pakiti ya dawa ya maji kutoka kituo cha afya, maji ya chumvi na sukari yana kipimo chake: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi, mtoto anadhurika. Sasa mpeni mama mzoefu asimulie alivyomuokoa mwanawe, naye atasema kama watu wote wanavyosema: "Nikachukua maji, nikatia sukari, nikatia na chumvi kidogo." Kidogo cha nani? Kisa hukimbilia usiku ule wa taabu, macho ya mtoto yalivyoingia ndani, gari iliyokosekana, na kipimo kinapotea njiani. Hapa panahitajika chupa ya lita moja, kijiko na bakuli la sukari, na kila mama apime kwa mkono wake wenziwe wakimtazama.

Mahesabu ya mgao nayo yako upande huo. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000, mwaka mzima zimenunuliwa hisa 1,500, na siku ya mgao, pamoja na faida, zimehesabiwa shilingi 3,450,000. Kila hisa imekuwa 2,300, na mwenye hisa 60 anachukua 138,000. Mshika fedha akisimulia namna mgao wa mwaka jana ulivyokwenda, watu watafurahi na kukumbushana, lakini bibi asiyejua kusoma atabaki vile vile, anamwamini mwenye daftari. Mwekeeni komwe za bao ziwe ndizo hisa, mumpe na sarafu, agawe mwenyewe hesabu ndogo ya watu wanne watano. Akishagawa kwa mkono wake, siku ya mgao wa kweli atauliza masuali ambayo hakuwahi kuyauliza.

Mtindo wenyewe wa sanduku ulienea kwa somo. Ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Baada ya mradi ulioupeleka huko kuondoka, vikundi viliendelea kuzaliwa, wenye uzoefu wakiwafundisha wapya. Funguo tatu, faini ya kuchelewa, hesabu kusomwa kwa sauti mbele ya wote: haya ni mambo ya utaratibu, na utaratibu unahama vizuri ukifundishwa hatua kwa hatua. Ukihadithiwa, kila mtu anabaki na sehemu aliyoipenda.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwani mnene, ambao bei yake ni nzuri, umekuwa ukifa katika maji mafupi kadiri bahari inavyozidi kupata joto, na wakulima wamekuwa wakishauriwa kuupeleka kwenye kina kirefu zaidi. Kufunga kamba huko si ufundi wa kumshinda mtu aliyefunga mwani umri wake wote. Kinachowazuia wanawake wengi ni kwamba hawakupata kufundishwa kuogelea, na nyuma ya hilo kuna zito zaidi: mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, aingie maji ya shingoni, watu watasema nini? Hakuna mchoro wa ubaoni unaoweza kulijibu hilo. Mwanamke wa hirimu yao akikaa mkekani akasema, "Mimi nilianza kwa kushika ubavu wa ngarawa, siku ya mwanzo nililia, na sasa nakwenda na kurudi," wenziwe wamepata jibu ambalo hakuna mtaalamu angeweza kuwapa.

Mwezi wa Ramadhani na wenye kisukari

Hapa nataka kukaa kidogo, maana sijaona mfano unaoonesha tofauti ya viwili hivi kama huu.

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mwezi mtukufu, mazungumzo katika vikundi vya wenye kisukari hurudi pale pale: nifunge, nisifunge? Kikundi kinachotumia visa peke yake kitampata mama mmoja atakayesema kwa ukweli kabisa, "Mimi nafunga mwezi mzima na halinipati la kunipata." Hasemi uongo. Lakini ubavuni mwake yuko mwenziwe anayejidunga insulini, na pembeni yuko mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka. Miili yao haifanani na wa huyu mama. Kisa kikisimuliwa vizuri hugeuka kuwa hukumu kwa wote, na hapo ndipo kinapoweza kuua. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kisa, nami siioni kuwa ndogo: kinabeba yaliyompata mtu mmoja, na masikio yetu yanayapokea kama kanuni.

Kikundi kinachotumia somo peke yake kitafanya vizuri zaidi kwa upande mmoja. Mwanachama atafundisha namba: sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo cha mmol/L, au ikipanda juu ya 16.6, fungua saumu, usingoje magharibi. Ataeleza kwamba kupima kwa kuchoma kidole hakufunguzi. Atawahimiza watu waende kliniki, iwe Mnazi Mmoja au hospitali ya wilaya yao, wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama, ili dawa zipangwe upya. Watu watatikisa vichwa, na walioandika wataandika. Halafu siku ya tano ya mfungo, alasiri, mtu anajipima anaona 3.4, mkono unamtetemeka, na bado anakaa. Anakaa kwa sababu mjukuu wake wa miaka tisa amefunga, na yeye bibi mzima atakunywaje maji mbele yake?

Namba alikuwa nazo. Alichokosa ni kumsikia mwenziwe aliyewahi kunywa maji yale, akaeleza alivyojisikia, mumewe alisema nini, watoto walimtazama vipi, na ile siku alivyoilipa au alivyoitolea fidia kwa ushauri wa sheikh wake. Kwa kikao cha namna hii mimi ningetanguliza kisa kimoja cha mtu aliyefungua, nikafuatisha somo la namba, na suali la hukumu ya dini nikaliacha kwa imamu, aalikwe siku hiyo hiyo kama yumkini. Kisa cha mwanachama hakitoi fatwa, wala mwalimu wa namba hatoi fatwa, na ni vyema mwenyekiti alitamke hilo mapema.

Kisa kinadai siri, na visiwa vyetu ni vidogo

Kule Marekani vilikoanzia vikundi vya walevi wanaojinusuru, Akron huko Ohio mwaka 1935, na baadaye California mwaka 1953 kwa watumiaji wa dawa za kulevya, kisa ndicho kiini cha mkutano. Mtu husimama akaeleza hali yake ilivyokuwa, kilichotokea, na hali yake ilivyo sasa. Wenziwe hawamkatizi, hawamjibu, hawamshauri. Anasema, anashukuriwa, anafuata mwingine. Jina lake la pili halitajwi. Nyumba zetu za upataji nafuu zimeuchukua utaratibu huo, na kwa vijana wale unafaa sana, kwa sababu kila aliyeingia pale amekuja na jeraha moja. Hakuna wa kumnyooshea mwenziwe kidole.

Chukueni utaratibu huo huo mkaupeleke kwenye kikundi cha hisa cha shehia moja, watu ishirini na tano, ambamo kuna wifi, mamamkwe, mke mwenza na mtoto wa mdogo wake sheha. Kutotaja jina la pili kunasaidia nini? Mama akisimulia namna alivyoficha pesa za mauzo ya mwani mumewe asizione, kabla ya isha mumewe ameshajua. Siri ya mkutano mjini Chicago inalindwa na ukubwa wa mji. Kwetu hailindwi na kitu isipokuwa ahadi ya watu, na ahadi inahitaji muda kukomaa.

Kwa hiyo natofautiana na wanaosema kikundi kipya kianze na visa ili watu wazoeane. Kwa kikundi cha kijijini kisichoundwa kwa ajili ya jeraha moja, anzeni na somo. Somo halimvui mtu nguo. Kina mama wakishapima chumvi pamoja na kugawa komwe pamoja kwa miezi miwili mitatu, mtajua nani anaweza kutunza neno na nani hawezi. Visa vije baada ya hapo.

Kuna njia ambayo wazee wetu walituachia, nayo ni ngano. "Paukwa!" "Pakawa!" Ukishaitikiwa, unaweza kusema habari za mke aliyefichwa mali, mtoto aliyenyimwa, mfalme mwenye choyo, na hakuna aliyetajwa. Katika majimbo ya Jharkhand na Odisha huko India, vikundi vya wanawake vilivyokuwa vikijadili uzazi na watoto wachanga vilitumia hadithi za kutungwa kwa namna hiyo, kisha wakacheza mchezo wa kuuliza "Lakini kwa nini?" Mtoto alikufa. Lakini kwa nini? Alipata ubaridi. Lakini kwa nini? Aliogeshwa mara tu alipozaliwa. Lakini kwa nini? Wanaendelea mpaka wafike mzizi, na hakuna mama wa kweli aliyewekwa kitimoto.

Kwa hadithi ya kutunga ninalo onyo moja, na hili ni la kwetu hasa. Sisi ni watu wa mafumbo. Kanga inasema, taarabu inasema, na kila mtu ana sikio la kutambua alilorushiwa. Mkitunga hadithi ya mshika fedha aliyekopa bila kuandikisha, na mshika fedha wenu amekaa pale, hiyo si hadithi tena, ni kijembe, na kikundi kinaweza kuvunjika siku hiyo hiyo. Hakikisheni hadithi haifanani na mtu yeyote aliyemo, wala jirani yake. Badilisheni kazi, badilisheni kijiji, badilisheni idadi ya watoto. Mkiona bado watu wanatazamana, iacheni, leteni somo la namna ya kuandika mkopo daftarini. Somo la wazi linasema jambo lile lile bila kumchoma mtu.

Somo nalo lina ugonjwa wake

Ugonjwa wake ni kwamba tumefundishwa tangu chuoni na skuli kukaa kimya mbele ya mwalimu. Mwanachama akishasimama na kipande cha chaki, hata akiwa ni jirani yetu wa kila siku, mabega yanashuka na midomo inafungwa. Baada ya muda kikundi kinapata "mwalimu" wake wa kudumu, kwa kawaida yule aliyesoma zaidi, na waliobaki wanakuwa wanafunzi wake. Hapo kikao kimeshaacha kuwa cha wanachama.

Umri unazidisha. Binti wa miaka ishirini na mbili amesomea ukunga na anajua kuwa kitovu cha mtoto hakipakwi kitu bila ushauri wa kituo cha afya. Atawaambiaje hayo kina bibi waliomzalisha mama yake? Nimeona mabinti wakiangusha sauti mpaka haisikiki. Dawa yake ni kumpa somo akiwa wawili na mtu mzima: bibi afungue, amkaribishe, aseme, "Mwanangu huyu atatuonesha wanavyofanya siku hizi, nami nitamsaidia," kisha binti aoneshe. Heshima imebaki mahali pake na neno limefika.

Kufundisha wawili wawili kunafanyika hata kwenye programu maarufu iliyotungwa Chuo Kikuu cha Stanford kwa wenye maradhi ya kudumu. Vikao ni vya saa mbili na nusu kwa wiki, wiki sita, vinaongozwa na watu wawili, na angalau mmoja wao ni mgonjwa mwenyewe. Hawaachiwi kusema wanalotaka. Wana kitabu cha mwongozo wanachokifuata. Naipenda sehemu ya mwisho ya kila kikao chao: kila mtu anasema jambo moja atakalolifanya wiki ile, lini, mara ngapi, kisha anajipa alama kutoka 0 mpaka 10 za kuwa na hakika kwamba atalifanya. Akijipa chini ya 7, wenziwe wanamsaidia kulipunguza jambo lenyewe mpaka aweze. Mama anayesema "nitatembea kila siku saa nzima" akajipa 4, anashauriwa aseme "nitatembea mpaka msikitini na kurudi, Jumatatu na Alhamisi." Jambo hili halihitaji pesa wala kitabu, na linafaa kufungia somo lolote.

Jambo la pili kuhusu somo ni wembamba wake. Kufundisha dalili za hatari za mjamzito, chanjo za mtoto na lishe katika kikao kimoja ni kumwaga maji. Chagueni jambo moja linaloweza kufanywa na mikono ndani ya nusu saa. Kama mikono haina cha kufanya, kuna uwezekano mkubwa hilo halikuwa la somo, lilikuwa la kisa.

Vikichanganywa

Ushahidi wenye nguvu ninaoujua uko upande wa kuchanganya. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi wakiongozwa na mwanamke wa pale pale, si mkunga wala muuguzi. Walihadithiana matatizo ya uzazi, wakachagua yaliyo mazito, kisha wakapanga la kufanya: mfuko wa dharura, machela ya kubebea mzazi, vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 30 ukilinganisha na maeneo yasiyokuwa na vikundi hivyo. Kule Jharkhand na Odisha, ambako mzunguko ulikuwa wa vikao 20, matokeo ya mwaka 2010 nayo yalionesha vifo vimeshuka.

Angalieni mpangilio wao. Hadithi ilitangulia ili tatizo lionekane. Ujuzi ukaja baada ya watu kuutaka. Kisha ukaja mpango ambao kikundi kiliamua chenyewe. Kama wangemaliza na hadithi, wangelia pamoja na kwenda nyumbani. Tanzania Bara nako, kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi walijadili na kukubaliana kazi, na vyoo vikachimbwa. Pale kilichotangulia kilikuwa somo, lakini kilicholileta somo mpaka kwenye jembe ni yale makubaliano kabla ya kuinuka.

Hatari ya kuchanganya ni kwamba mwalimu huja akakinyonya kisa. Mama amemaliza kusimulia alivyompoteza mtoto, machozi hayajakauka, na mtu anadakia: "Mnaona? Ndiyo maana leo tutajifunza dalili tano za hatari." Mwenye kisa anageuzwa kuwa mfano wa ubaoni. Acheni pumzi ipite. Mleteeni maji, someni dua, na kama kisa ni kizito sana, somo liwe kikao kijacho.

Na shamba darasa?

Kuna mambo ambayo kisa na somo vyote haviyawezi vizuri kama kwenda kuyatazama. Shamba darasa lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, mwaka ule ule ambao kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Zanzibar. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, wanabishana. Kwa mwani ninaona ndilo lenye faida zaidi: fungeni mstari mmoja mahali pa zamani na mstari mmoja kina kirefu, mbegu ileile, muutazame mwani kila bamvua, maji yanapotoka sana, mpaka wiki sita zitimie. Ukianza kupauka na kukatika, mtauona mmeushika mkononi. Kwa hisa na kwa kisukari halina nafasi kubwa.

Wakati na mahali

Vikundi vya mwani vikutane maji mafu. Wakati wa bamvua akili za watu ziko pwani, na hata mkiwaita watakuja wakitazama jua.

Kwa vikundi vya hisa, somo liwe kabla ya sanduku kufunguliwa na kisa baada ya kufungwa. Faini ya kuchelewa inawaleta watu mapema, kwa hiyo somo linawakuta wote, vichwa bado vizima. Kisa kikiwekwa mwanzo kitakatizwa na kila anayeingia akitoa salamu, na msimuliaji ataanza upya mara tatu. Baada ya sanduku, wenye haraka wameondoka, waliobaki ni wenye nia ya kusikiliza, na idadi imepungua. Kwa kisa, uchache ni neema.

Miezi miwili ya mwisho kabla ya mgao msiweke visa vya pesa hata kidogo. Macho ya watu yamekuwa makali, na kila neno linapimwa. Fanyeni masomo ya hesabu tu.

Kikundi cha wanaume na wanawake kinaweza kufanya somo pamoja bila taabu. Kisa kinabadilika. Wanawake watasimulia nusu, na wanaume watasimulia yale yanayowapamba. Kama hamna budi, gawanyikeni barazani na ukumbini, kila upande ukae na wake, halafu mrudi pamoja kwa somo.

Mwenye kusimulia aulizwe siku kadhaa kabla, peke yake, na mtu anayemwamini. Aulizwe pia ni sehemu gani hataki kuisema, na apewe ruhusa ya kughairi hata akiwa ameshakaa mkekani. Mtu ambaye jambo lake halijapoa, mwenye kesi kwa kadhi, mwenye msiba wa juzi, msimpe zamu, hata akijitolea. Mpeni kazi ya kupima sukari au kugawa komwe. Atakuwa pamoja nanyi bila kulazimika kufungua kidonda.

Na kikao kinachofuata, kabla ya ajenda nyingine yoyote, mwenyekiti aulize nani amefanya nini tangu walipoagana. Baada ya somo, hesabuni mikono ya waliofanya. Baada ya kisa, angalieni kama kuna aliyemfuata msimuliaji pembeni, kisimani au njiani, akamwambia na mimi yamenifika. Hilo la pili hamtaambiwa hadharani, kwa hiyo mwenyekiti amuulize msimuliaji mwenyewe, taratibu, na asitake kujua jina.